Jalada la Dola Kumi na Mchoro wa Milioni Tano

Mei 2019, mjini Chicago, nyumba ya mnada ya Heritage iliuza mchoro wa rangi za mafuta uitwao Egyptian Queen, kazi ya Frank Frazetta, kwa dola milioni 5.4. Ukihesabu dola moja kwa shilingi 130 za Kenya, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 700. Nusu karne kabla ya hapo, mchoro huo huo ulikuwa jalada la jarida la hadithi za kutisha, Eerie namba 23 la mwaka 1969, ambalo kijana wa Kimarekani alilinunua kwa sarafu za mfukoni. Jarida lenyewe bado lipo kwa wauzaji wa vitu vya zamani: nakala iliyochakaa kiasi huenda kwa makumi ya dola, na iliyo safi hupanda hadi mamia. Bango jipya lenye picha hiyo ni dola 20 au 30. Na mwenye simu anaitazama bure, akishalipia bando.

Picha moja, bei nne. Anayependa majalada ya zamani ya Marekani, yale yenye wapelelezi wenye kofia, wanawake wenye bastola na roketi zinazotua kwenye sayari nyekundu, anapaswa kuamua mapema analipia nini: mkono wa mchoraji, karatasi ya wakati ule, au picha yenyewe. Wauzaji hawamsaidii kutofautisha, kwa sababu faida yao imo humo humo kwenye kuchanganya mambo.

Kwanza tujue bidhaa. Mwaka 1896 Frank Munsey wa New York aliligeuza jarida lake la Argosy kuwa la hadithi tupu, akalichapa kwenye karatasi ya bei ya chini kabisa, iliyotengenezwa kwa mbao zilizosagwa. Huko Marekani majarida ya aina hiyo yakaitwa pulp kwa sababu ya karatasi hiyo. Kwa kawaida yalikuwa na ukubwa wa sentimita 18 kwa 25, na ndani yalikuwa ya kijivu. Jalada peke yake lilichapwa kwa rangi, kwenye karatasi laini, na kazi yake ilikuwa moja: kumsimamisha mpita njia mbele ya kibanda chenye majarida mengine kwa makumi. Mwaka 1939 kampuni ya Pocket Books ilianza kuuza vitabu vidogo vya jalada laini kwa senti 25, na baada ya Vita Kuu ya Pili wachoraji wakahamia huko taratibu. Jarida la Weird Tales, lililoanza mwaka 1923, lilifungwa 1954, na kufikia hapo enzi ya pulp ilikuwa imekwisha.

Tuanze na kilicho ghali. Michoro halisi ni michache kuliko majalada yaliyochapwa, na sababu yake inaudhi. Wachapishaji wengi waliihesabu kama takataka ya kiwandani. Jalada likishachapwa, turubai iliwekwa ghalani, ikagawiwa au ikatupwa, na wachoraji wengi hawakujali kuidai kwa sababu hakuna aliyedhani ina thamani. Frazetta alikuwa tofauti. Alisisitiza kurudishiwa michoro yake, familia yake ikaitunza, na leo bei zake haziigiki: Conan the Conqueror iliuzwa kwa dola milioni moja mwaka 2009, na Dark Kingdom kwa dola milioni 6 mwaka 2023. Michoro mingine ya pulp ilisalia kwa sababu watu kama Robert Lesser waliikusanya wakati ambapo haikutakwa na mtu. Mwaka 2003 jumba la makumbusho la Brooklyn liliionyesha hadharani mikusanyo yake.

Bei zile za mamilioni zisikutishe wala zisikuvutie, maana ni za mtu mmoja tu. Mchoro wa jalada la riwaya ya wachunga ng'ombe na bastola wa miaka ya 1950, wa mchoraji asiye na jina kubwa, huweza kupatikana kwa dola elfu chache. Robert McGinnis, aliyefariki Machi 2025 baada ya kuchora majalada zaidi ya 1,200 ya vitabu, huanzia kwenye maelfu na kupanda hadi makumi ya maelfu. Kinachopandisha bei ni vitu vinne: jina la mchoraji, uthibitisho kwamba mchoro ulichapwa kweli kwenye jalada fulani, umaarufu wa mhusika aliyechorwa, na hali ya mchoro. Cha pili ndicho wanunuzi wapya hukisahau. Omba uonyeshwe kitabu au jarida lililochapwa, ulilinganishe na mchoro sehemu kwa sehemu. Majalada mengi hayakusainiwa, na muuzaji anaposema mchoro "unadhaniwa" kuwa wa fulani, hilo neno moja lipunguze nusu ya bei kichwani mwako.

Kuna pia gharama ambayo haionekani kwenye picha ya mnada. Dalali akigonga nyundo kwa dola 4,000, wewe hulipi 4,000. Kamisheni ya mnunuzi kwenye minada mikubwa huzunguka asilimia 20 hadi 25, kwa hiyo tayari una 4,800 au 5,000, kabla ya bima, sanduku la mbao, ndege na forodha. Mwombe wakala wa forodha akupigie hesabu kabla hujainua mkono.

Halafu kuna suala la rangi iliyotumika, na hapa inafaa nikae kidogo na Margaret Brundage. Mama huyu wa Chicago alichora majalada ya Weird Tales kuanzia mwaka 1932, na kwa miaka kadhaa karibu kila toleo lilikuwa lake. Alilipwa dola 90 kwa jalada. Alisaini kwa herufi moja ya jina lake la kwanza na jina la ukoo, na wasomaji walibaki hawajui kwamba wale wanawake wasio na nguo waliokuwa wakizua ubishi kwenye barua kwa mhariri walichorwa na mwanamke mwenzao, hadi jarida lilipofichua mwaka 1934. Alitumia chaki laini za pasteli, ambazo ukizigusa kwa kidole zinafutika. Sehemu kubwa ya michoro yake halisi imepotea, na iliyobaki inataka fremu yenye kioo kisichogusa karatasi na chumba kikavu. Kwa mtu wa Mombasa au Tanga hiyo ni adhabu. Turubai ya rangi za mafuta huvumilia zaidi, ingawa nayo huota ukungu ikiegemezwa kwenye ukuta wenye unyevu.

Kama kweli unataka mkono wa mchoraji na huna maelfu, acha majalada. Tafuta michoro ya ndani ya jarida, ile ya wino mweusi, au rasimu ndogo za rangi ambazo mchoraji alimpelekea mhariri kabla ya kazi kamili. Ya wachoraji wasiojulikana sana hupatikana kwa mamia ya dola. Virgil Finlay, bingwa wa vinukta vya wino, amekwisha kupanda sana, lakini si kila mtu alikuwa Finlay.

Daraja la pili ni majarida yenyewe, na hapa bei zimetawanyika mno. Jarida la mapenzi au la wachunga ng'ombe la miaka ya 1940, la karatasi ya kahawia lakini zima, ni dola 10 hadi 30. Weird Tales la miaka ya 1930 lenye jalada la Brundage ni mamia, na lile la Oktoba 1933, lenye mwanamke aliyevaa kinyago cha popo, ni maelfu. The All-Story la Oktoba 1912, ambamo Tarzan alizaliwa, hufika makumi ya maelfu.

Hilo la Tarzan linataka neno moja kwa msomaji wa huku. Jalada lake lilichorwa na Clinton Pettee, na hadithi iliandikwa na Edgar Rice Burroughs, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Ndani ya jarida kulikuwa na chui milia wa Asia akizunguka msitu wa Afrika. Wasomaji wakalalamika, na kitabu kilipotoka mwaka 1914 mnyama huyo akawa simba jike. Majalada mengi yaliyofuata yalichora bara letu kwa ujinga ule ule, na mengine kwa dharau: watu weusi wenye mkuki nyuma ya kila mti, Wachina wote wakiwa wauaji. Sisemi usinunue. Nasema ujue kwamba hayo ndiyo utakayoyatundika sebuleni, na mgeni wako atauliza. Bei ya soko haina safu ya jambo hilo.

Tatizo kubwa la jarida la pulp ni karatasi. Mbao zile zilisagwa pamoja na vitu vyake vyote, na asidi iliyomo inaila kurasa polepole mpaka zinavunjika pembeni ukizifungua. Mengine yalikwisha kwenye kampeni za kukusanya karatasi wakati wa vita. Kwa hiyo unaponunua, uliza maswali yasiyo ya uzuri: mgongo upo wote? Jalada la nyuma lipo? Kingo zimekatwa ili zionekane nadhifu? Pini zina kutu? Picha tano za muuzaji zinaweza kukwepa yote hayo. Siku hizi kampuni ya CGC, iliyojulikana kwa kupima hali ya vitabu vya katuni, inapima na majarida haya, kisha inayafungia ndani ya plastiki ngumu yenye namba. Namba hiyo inamsaidia anayetaka kuuza. Anayetaka kusoma, au hata kunusa karatasi ya mwaka 1935, amelipia zaidi ili azuiwe.

Na usisahau utunzaji. Mifuko ya polyester, ubao usio na asidi nyuma ya kila nakala, sanduku, vipakiti vya kunyonya unyevu. Si gharama kubwa kwa nakala moja. Kwa nakala 50, katika nyumba isiyo na kiyoyozi pwani, ni matumizi ya kila mwaka. Mifuko laini ya PVC inayouzwa madukani kwa ajili ya hati usiiguse. Rahisi huvunja upishi, na PVC huharibu wino.

Sasa nifike ninapopapenda. Vitabu vya jalada laini vya Marekani vya kati ya 1945 na 1970 hivi, kwa maoni yangu, ndivyo vyenye thamani kubwa kuliko bei yake katika uwanja huu wote. Karatasi yake si nzuri, lakini mara nyingi imeshikamana kuliko ya pulp. Umbo lake dogo linasafirishika. Wachoraji wake walikuwa mafundi waliokomaa. Na vilichapwa kwa wingi kiasi kwamba vingi bado vinauzwa kwa dola 5 hadi 20.

Chukua James Avati. Alichorea kampuni ya Signet, akawavalisha watu wa kawaida wa New Jersey, akawapanga kama waigizaji, akawachora katika vyumba vyenye mwanga hafifu ambamo unahisi kuna ugomvi umetoka kutokea. Majalada yake ya riwaya za Faulkner na Erskine Caldwell yaliuza fasihi nzito kwa watu waliodhani wananunua umbea. Alichora pia The Catcher in the Rye ya Signet, mwaka 1953. J. D. Salinger hakulipenda jalada hilo, na toleo la Bantam la 1964 likatoka bila picha kabisa. Nakala za Signet zilizosomwa na kurudiwa chapa zinapatikana kwa bei ambayo mwalimu anaweza kumudu, na Avati aliye ndani ya jalada ni Avati yule yule.

McGinnis alikuwa wa tabia nyingine. Wanawake wake ni warefu, wametulia, wanamtazama mnunuzi kana kwamba yeye ndiye bidhaa. Alianza kuchora majalada ya kampuni ya Dell mwaka 1958, na baadaye akachora mabango ya filamu, likiwemo lile la Breakfast at Tiffany's. Mfululizo wa mpelelezi Mike Shayne na ule wa Carter Brown umejaa kazi zake, na hadithi zenyewe zinasahaulika haraka, jambo linaloshusha bei. Huo ndio mwanya wa mnunuzi mwerevu: soko linapandisha kitabu kwa sababu ya mwandishi, si mchoraji. Mfano wake ni Junkie ya mwaka 1953, kitabu cha Ace cha senti 35 kilichoandikwa na William Burroughs kwa jina la bandia. Nakala nzuri leo ni mamia ya dola na zaidi, na si kwa sababu ya mchoro wa jalada. Ukiona McGinnis kwenye riwaya ambayo hakuna anayeikumbuka, chukua.

Hata Frazetta anaingia humu. Vitabu vya Conan vya kampuni ya Lancer vilivyoanza 1966 viliuzwa kwa senti 60 na vilichapwa tena na tena. Nakala iliyochoka kidogo ya Conan the Conqueror, yenye picha ile iliyonunuliwa kwa milioni, haihitaji mkopo wa benki. Angalia tu ukurasa wa hakimiliki ujue ni chapa ya ngapi, kisha ulipe bei ya chapa hiyo, si ya ile ya kwanza.

Msomaji wa Nairobi ana njia yake nyingine. Wauza vitabu wa kando ya barabara, wale wa "inama", bado hupata magunia ya vitabu vya jalada laini vya Kiingereza na Kimarekani, na hivyo hivyo kwa wauza vitabu vikuukuu wa katikati ya Dar es Salaam. Lakini vitabu vingi vya mwandishi James Hadley Chase vilivyojaa huko ni vya kampuni ya Corgi vya miaka ya 1970, na majalada yake ni picha za kamera. Kufikia wakati huo kamera ilikuwa imewanyang'anya wachoraji kazi. Ukitaka mchoro, fungua ukurasa wa hakimiliki, tafuta tarehe ya kabla ya 1965, na mtazamo wa haraka kwenye jalada utakuambia mengine. Muuzaji atakutoza bei ya Chase yeyote.

Kununua moja kwa moja kutoka Marekani kuna kasoro moja: posta ya kitabu kimoja inaweza kuzidi bei ya kitabu. Tafuta muuzaji mmoja mwenye vitabu 10 unavyovitaka, umwombe avifunge pamoja. Mwenye ndugu huko ana nafuu zaidi, hasa ndugu aliye karibu na Chicago, ambako hufanyika maonyesho ya Windy City kila majira ya kuchipua, au karibu na Pittsburgh, ambako hufanyika PulpFest wakati wa kiangazi. Pale meza hujaa vitabu vya dola chache, na ndugu anaweza kuvifungua mwenyewe akavitazama migongo.

Kuna wasiotaka vya zamani kabisa, na si dhambi. Kampuni ya Hard Case Crime, iliyoanzishwa mwaka 2004, hutoa riwaya za uhalifu zenye majalada mapya yaliyochorwa kwa mkono kwa mtindo ule, mengine na McGinnis mwenyewe, mengine na Glen Orbik. Ni vitabu vipya vya bei ya kawaida, havina vumbi, na mchoraji wake alilipwa katika zama hizi. Nakala za kuigiza za majarida ya pulp, zilizochapwa upya ukurasa kwa ukurasa, hupatikana kwa takriban dola 15. Zinafaa kwa kusoma, lakini jalada lake limepigwa picha kutoka jalada lingine, na rangi hupooza.

Picha za kutundika zenye namba, zinazoitwa toleo maalumu, ndizo ninazozishuku kuliko zote. Dola 150 au 300 kwa karatasi iliyotoka kwenye printa ya wino, ambayo mchoraji aliyekwisha kufa hakuigusa. Kama ni picha tu unayoitaka, kuna njia ya shilingi mia chache. Chukua Amazing Stories la kwanza, Aprili 1926, lenye jalada la Frank R. Paul: watu wanateleza kwenye barafu huku sayari ya Zohali ikijaza anga. Huko Marekani kazi iliyochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita haina tena hakimiliki. Paul alifariki 1963, na Kenya hulinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha msanii. Pakua nakala kubwa kutoka Internet Archive, ambako maelfu ya majarida haya yamewekwa bure, uipeleke kwa mchapaji wa mtaani, uitake kwenye karatasi nzito ya A3. Itatofautiana na ile ya dola 150 au 300 kwa fremu tu.

Na kabla ya hayo yote, nunua kitabu kimoja cha sanaa hii. Kile cha McGinnis kilichotolewa na Titan mwaka 2014, au cha Brundage cha Vanguard cha 2013, kitakugharimu chini ya bei ya majarida mawili ya wastani na kitakufundisha jicho. Asiyejua mkono wa mchoraji atalipia jina lililobandikwa na muuzaji.

Kwa hiyo, ukiwa na dola 150, yaani kama shilingi 19,500 za Kenya au karibu 375,000 za Tanzania, gawa hivi: 40 kwa kitabu cha sanaa, 60 kwa vitabu sita vya jalada laini vya kabla ya 1965 vya wachoraji uliojifunza kuwatambua, 10 kwa mifuko ya polyester, na 40 zilizobaki kwa usafiri. Jarida la pulp lisubiri mpaka upate la kulishika mkononi kabla ya kulipa, na turubai isubiri mpaka uwe na mtu wa kukukagulia. Toleo maalumu lenye namba liache hapo hapo lilipo.